Lebo Isiyo na Zedi

Krr-shii. Krr-shii. Mpaka leo nikisikia mtu anakuna nazi taratibu, bila haraka ya kupika, mimi naona karatasi nyeupe ikitoka kidogo kidogo mdomoni mwa mashine. Ndivyo printa yetu ilivyolia. Kichwa chake kilikwenda kushoto, kikarudi kulia, kikitema matone ya wino madogo kuliko jasho la sisimizi, na mimi nilisimama mbele yake mikono nyuma kama niliyeitwa ofisini kwa mwalimu mkuu. Kwanza zinatoka nywele, au mawingu, au kilele cha mnazi. Halafu paji la uso. Halafu macho, na macho yakishatoka, hata kama mtu mwenyewe humjui, unajikuta umemwamkia.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza kidato cha nne kwa matokeo ambayo hapa siyataji, na niliipenda mashine ile kuliko watu wengi niliowafahamu.

Mwenye mashine ndiye ambaye sikumpenda. Nasema mapema ili msomaji asipoteze muda kumtafutia wema. Mimi nilimtafutia mwaka mzima.

Alitaka aitwe Msanii. Siyo kaka, siyo bosi. Msanii. Duka lake lilikuwa Tanga mjini, kwenye zile barabara zetu za namba, ubavuni mwa fundi baiskeli. Alivaa skafu shingoni mwezi wa pili, mwezi ambao hata mbwa wa Tanga wanagombea sakafu ya saruji. Alipiga picha nzuri, hilo simnyimi. Alikuwa na jicho. Ila jicho lile alizaliwa nalo, na yale aliyoyatafuta mwenyewe ukubwani, yaani maneno, yalikuwa takataka.

Neno lake kuu lilikuwa jiklee. Mteja akiingia na kuuliza, "Hizi picha mnaprinti hapa hapa?" Msanii alifumba macho kidogo, kama mtu aliyekanyagwa kidole, akasema, "Hatuprinti. Hizi ni jiklee."

Siku ya kwanza mimi nilisikia "jikulie." Nikadhani anamkaribisha mteja chakula. Nikaenda uani kutafuta sahani. Fundi baiskeli alipoambiwa, alicheka mpaka akaangusha spana, na tangu siku hiyo kila mzungu akishuka mbele ya duka letu fundi alipaza sauti kutoka kwenye benchi lake: "Karibuni, karibuni, mjikulie!"

Baadaye nililitafuta neno lenyewe kwenye simu. Ni la Kifaransa, na maana yake ni kitu kuruka kwa mchirizi mwembamba, kama mtoto wa kiume anavyokojoa ukutani. Hiyo ndiyo heshima yote iliyofichwa ndani ya jiklee. Mashine inatema wino, basi. Ni kazi nzuri, kazi safi, yenye karatasi ya pamba nzito kama shuka la hospitali na wino ambao haukimbii jua upesi. Kwa nini uionee haya? Lakini Msanii aliionea haya printa yake kama mwanamume anayemficha mama yake kwa sababu anauza samaki.

Kazi yangu ilianza kwa kufagia. Halafu nikaruhusiwa kukata kingo. Halafu, kwa kuwa mwandiko wangu ulikuwa mzuri (huo ndio niliotoka nao shuleni), nikapewa lebo.

Lebo ni kile kikaratasi kinachomwambia mnunuzi amenunua nini. Za Msanii zilikuwa stika. Yeye alitunga, mimi nikaandika kwa kalamu ya wino mweusi, tukabandika nyuma ya picha. Huko kwenye stika ndiko alikokaa mwenyewe, mzima mzima. Picha ya ng'ombe akivuka barabara Muheza: "Ukimya wa Nafsi." Picha ya ndoo: "Kiu ya Bara." Niliandika huku natabasamu, maana nilikuwa msichana wa kutabasamu, na kila nilipoandika "Picha na", mkono wangu uliweka pale jina langu kimoyomoyo. Niliota siku moja nami nitakuwa na ukuta wangu, taa zangu ndogo za manjano, na watu wanasoma lebo zangu mikono nyuma. Ndoto hiyo ninayo bado. Siku hizi kazi yangu ni kulaminisha vitambulisho vya watu kwenye duka la vifaa vya shule, na nakwambia, hata hapo naota.

Sasa, bibi.

Sisi kwetu ni Nguvumali. Babu yangu mzaa baba aliletwa Tanga na mkonge kutoka mbali sana huko bara, na nyumbani ni Walutheri, kwaya ya vijana na kila kitu. Nyumba ya tatu kutoka kwetu aliishi bibi mmoja wa Kipemba. Siyo bibi yangu wa damu, lakini ndiye aliyenifunga kanga ya kwanza na ndiye aliyenifundisha kuteleka wali usishike chungu. Alikuja Tanga kuolewa, mume akafa, yeye akabaki na vitumbua vyake. Nguvumali nzima ilimjua. Hata mbuzi wa Nguvumali walimjua, maana aliwafukuza kwa majina.

Msanii alikuwa anatafuta "mikono." Hivyo alivyosema: "Nataka mikono." Mimi, mjinga wa kupenda kusaidia, nikampeleka kwa bibi.

Bibi alikuwa uani anapeta mchele. Msanii akanipa ubao mweupe niushike kurudisha mwanga, akapiga. Kuna picha moja ambapo mchele upo hewani, haujarudi kwenye ungo, na pumba zimetangulia upande kama moshi, na bibi anautazama kwa uso wa mtu anayesubiri mtoto amalize kusema uongo wake. Sijaona picha nzuri kama ile. Nilijua pale pale.

Kabla hajakubali kupigwa picha, bibi alikuwa ametoa sharti moja. Hakutaka hela. Alisema:

"Mie n'taka jina langu liandikwe. Langu, la baba'ngu na la babu yangu. Na liandikwe sawa."

"Litaandikwa, bibi," nikajibu mimi. Msanii alikuwa anafuta lenzi.

"Siyo litaandikwa tu. Sawa! Kila karatasi ya huku bara iloniandika imeniandika vibaya. Kitambulisho vibaya, kadi ya kliniki vibaya, hata risiti ya sanduku la maiti ya mume wangu vibaya. Wanantia zedi. Mie sina zedi popote katika jina langu, yakhe. Wallahi sina."

Jina lake lilikuwa na dh. Silitaji hapa. Inatosha kusema makarani wengi hawaiwezi dh, wanaisikia z, wanaiandika z, na bibi alikuwa ameishi miaka mingi ndani ya karatasi akiwa mtu mwingine.

"Nakuahidi mimi," nikamwambia. Niliahidi kwa mdomo wangu, nimeshika ubao mweupe.

Wiki mbili baadaye picha ikatoka. Krr-shii, krr-shii, ule uso ukaja juu ya karatasi ya pamba, na mimi nikalia kidogo. Msanii akanipa maneno ya stika. Niliyasoma mara mbili.

"Mama Afrika Na. 3. Mwanamke asiyejulikana, kabila la pwani. Jiklee ya hadhi ya makumbusho. 2/10."

"Msanii," nikasema, "huyu si anajulikana?"

"Andika."

"Jina lake ninalo. Tulimwahidi."

"Wewe ulimwahidi," akasema. "Jina linaua fumbo. Mtu anayenunua picha anataka afikirie. Ukimwekea jina na mtaa, unamwuzia kitambulisho."

Nikaandika. Ndiyo, niliandika. Mwandiko wangu mzuri.

Bibi alikuja mwenyewe kuitazama. Alipanda bodaboda kutoka Nguvumali akiwa na baibui jipya na bakuli la vitumbua, akamshukuru dereva kwa kumfikisha hai, akaingia. Msanii akampokea kwa mikono miwili na kula vitumbua vinne papo hapo. Bibi akasimama mbele ya picha.

"Huyu n'mie," akasema. Halafu akanigeukia. "Hebu n'somee walivyoandika."

Ningeweza kudanganya. Yeye herufi za kizungu alizijua chache tu. Alisoma chuo cha Kurani kwao Pemba, akaandika na kusoma kwa herufi za Kiarabu. Nikaigeuza picha, nikasoma yote. Nilisoma polepole na masikio yakiniwaka.

"Asiyejulikana," akarudia bibi. "Asiyejulikana na nani?"

"Ni lugha ya kisanaa tu, bibi," akasema Msanii, mafuta ya vitumbua yakimng'aa kidevuni.

"Na wewe pia hunijui? Vitumbua vya nani hivyo?"

Msanii akacheka kama mtu mkubwa anayemchekea mtoto. Bibi akaweka kidole kwenye tarakimu, maana tarakimu alizijua vizuri.

"Na hii mbili ya kumi?"

"Hiyo ni toleo..."

"Mie miaka yote hii napeta mchele, nimepata mbili ya kumi? Nani kasahihisha?"

Fundi baiskeli aliyekuwa mlangoni akaondoka haraka kwenda kucheka mbali. Na mimi, Mungu anisamehe, nilitaka kucheka pia, kwa sababu hata mimi siku ya kwanza nilidhani ni maksi. Maana yake halisi ni kwamba nakala hii ni ya pili katika kumi, na baada ya kumi hazitatoka tena. Ni ahadi kwa mnunuzi. Lakini niliyekuwa nazikata kingo ni mimi, na kumi ya Msanii ilikuwa imefika kumi na nne. Na karibu zote ziliandikwa 2/10. Nilipomuuliza alisema moja inaonekana ya majaribio, saba inaonekana ya mwisho mwisho, lakini mbili ina heshima. Huyo ndiye mtu aliyesema jina la bibi litaua fumbo.

Bibi alichukua bakuli lake. Vitumbua viwili vilivyobaki akanipa mimi, mkononi, Msanii akitazama.

"Uliniahidi wewe," akaniambia. Hakukasirika. Ingekuwa nafuu.

Wiki hiyo hiyo aliingia mzee mmoja kutoka Amani, kule milimani. Alitaka tumchapie picha ya marehemu mkewe. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba huku keshaanza kugeuza picha zetu na kusoma stika, kofia mkononi, midomo imebinuka kama aliyeonja maziwa yaliyochacha. Alikuwa ameajiriwa ujana wake wote huko msituni kuandika lebo za majani. Majani makavu, yaliyobanwa kwenye karatasi, ili watu wajue jani gani ni lipi.

"Nani kaandika hizi?"

"Mimi, babu."

"Mwandiko mzuri. Maneno ya kipuuzi. Ilipigwa wapi hii?"

"Nguvumali."

"Mbona haisemi? Lini? Nani kapiga? Imechapwa lini, maana kupiga na kuchapa ni siku mbili tofauti. Karatasi gani? Wino gani, ule wa unga unaodumu au ule wa rangi ya maji unaopauka? Na 'hadhi ya makumbusho', makumbusho yapi? Barua yao iko wapi?"

"Babu, ndivyo nilivyoambiwa niandike."

"Hata kwetu kulikuwa na mkubwa mmoja akitaka tuandike 'jani adimu' kila mahali. Jani lenyewe limejaa mpaka nyuma ya choo." Akaigeuza picha ya bibi, akakwaruza ukingo wa stika kwa ukucha. "Na hii gundi. Kwa unyevu huu wa Tanga itapenya, itoe doa la njano usoni mwa mama wa watu. Kalamu ya wino nayo inaacha mfereji, kalamu nene inavuja. Penseli, binti. Penseli laini, nyuma, kwenye ukingo mweupe, huku karatasi imelazwa juu ya kitu kigumu. Na usikandamize. Penseli haipauki, haivuji, haijifanyi kitu."

Akalipa, akachukua picha ya mkewe, akanikatalia kabisa nisiandike chochote nyuma. Alisema ataandika mwenyewe.

Sikulala na ndoto za kuta na taa siku hiyo. Nilinunua penseli. Nikachukua kipande cha karatasi ya pamba kilichobaki, nikaandika lebo kama alivyosema mzee: jina la aliye pichani, akipeta mchele nyumbani kwake, Nguvumali, Tanga. Nani kapiga. Siku ya kupiga, siku ya kuchapa. Wino wa unga, karatasi ya pamba, printa. Niliandika printa kwa herufi kubwa kidogo, kwa ukorofi. Nikaipeleka kwa bibi jioni baada ya kazi, nimejaa sifa zangu kifuani kama kuku aliyetaga.

Bibi akaisogeza karibu na macho. Herufi chache alizozijua, mojawapo ilikuwa ile iliyomwandama maisha yake yote. Kidole kikatembea, kikasimama.

"Hii yenye kwenda nyokanyoka n'nini?"

Nikaangalia. Nilikuwa nimeandika z.

Nilikuwa nimemdharau Msanii wiki nzima. Nilikuwa nimewadharau makarani wote wa bara, na baba yangu anazungumza kama wao, na mimi pia, maana nyumbani kwetu hakuna anayesema dh. Nimemwita bibi kwa jina lake tangu utoto, na tangu utoto nimekuwa nikimwita kwa z. Hakuwahi kunisahihisha.

"Kwa mdomo si kitu," akasema, kama amesikia ninachowaza. "Mdomo wako n'naupenda ulivyo. Karatasi ndiyo inayobaki."

Akachana pakiti tupu ya majani ya chai, akaandika jina lake ndani kwa herufi za Kiarabu, la kwake, la baba yake, la babu yake. Akanionyesha herufi moja. "Hii dhali. Inakaa hivi, kama mtu ameinama kufunga kiatu. Na nukta yake moja juu. Ukiisahau nukta umenitia dali, nimekuwa mwengine tena. Siku yoyote utakapoweza kuliandika, andika hivi. Na ukitaka kwa kizungu, di na hechi."

Nilijifunza ile karatasi kama wimbo wa kwaya. Nilichora kutoka kulia kwenda kushoto, mkono ukikataa, pembezoni mwa magazeti, kwenye kiganja.

Halafu nyumba moja ya wageni huko Pangani ikaitaka picha. Walitaka waitundike sebuleni, mahali ambapo kila mgeni angesimama. Ilikuwa nakala kubwa, tuliyoichapa mwisho, nzuri kuliko zote. Nilimwomba Msanii mara ya mwisho. Nilimwomba vizuri, nikamwita Msanii, nikaeleza habari ya zedi, ya kitambulisho, ya risiti ya sanduku. Alisikiliza akijirekebisha skafu.

"Unajua tatizo lako?" akasema. "Hujasoma. Huwezi kuelewa soko la sanaa. Huyo mama atakufa, watoto wa watoto watasahau jina lake, lakini Mama Afrika Na. 3 itabaki."

Nilimwangalia. Nilikuwa nimesikia kwamba watu wa sanaa wana moyo mpana, na pengine wapo. Huyu alikuwa na skafu. Nilimwonea hata huruma, jinsi unavyomwonea mtu anayetembea mjini zipu wazi, halafu huruma ikaisha, ikabaki zipu.

"Ifunge vizuri," akaniambia. "Gari ya Pangani inapita saa nane." Akaenda kula.

Nikafunga mlango wa kioo. Nikailaza picha kifudifudi juu ya meza, juu ya shuka safi, ili uso wa bibi usiguse mbao. Nikachukua uzi wa kushonea, nikaupitisha chini ya stika polepole, huku na huku, mpaka ikaachia. Stika nikaibandika kwenye kifuniko cha pipa la taka, ambako maneno yake yalifaa. Nikapuliza vumbi. Nikachukua penseli.

Nikaandika kwa herufi zetu kwanza, di na hechi. Mahali. Siku mbili. Wino, karatasi, printa. Penye hesabu ya nakala nikaandika ukweli: ya kumi na tano. Halafu nikatoa pakiti ya chai mfukoni, nikaiegemeza kwenye mkasi, nikaanzia kulia. Jasho lilikuwa linanidondoka, ikabidi nisimame mara mbili kujifuta kwa kiwiko lisije likaangukia pamba. Jina la bibi, la baba yake, la babu yake. Sikukandamiza.

Nilipomaliza niliangalia tena pakiti, nikaangalia karatasi. Kulikuwa na kitu kimoja kimebaki. Nikashika pumzi, nikaigusisha ncha ya penseli juu ya ile herufi iliyoinama, nikaweka nukta.